JIWE LA BABA



Mzee akifariki, tunafungua sanduku lake na kugawana: kadi ya kazi ya Union Minière, foto, koti, taa. Hivi tuvitunze, hata koti likiwa limetoboka. Mtoto akiona jina la babu yake kwenye kadi atauliza, nasi tutasimulia. Ndivyo Yoshua alivyotaka kwa yale mawe 12 ya Yordani.

Lakini kwetu Shinkolobwe kuna jiwe lingine. Ni jeusi, lenye manjano au kijani, zuri kwa macho. Baba zetu walilichimba mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945, ilitoka hapa. Je, tukilitoa nyumbani tunamdharau baba? Wengine wanaona hivyo. Sisi hapana. Baba alichimba ili watoto wale, si ili walale karibu na mionzi.

Na lisiitwe fetishi! Hakuna roho ndani yake, na moto hauliwezi. Linatoa hewa isiyoonekana, radoni, inayoweza kuleta kansa ya mapafu. Kulifunga kitambaa hakusaidii kitu.

Kazi ngumu ni namna ya kuliacha. Ukilitupa mtoni, wa chini watakunywa. Ukiliuza, mtoto wa mwingine atalala nalo. Tena uchimbaji wa pale umekatazwa tangu 2004. Liwekwe nje, mbali na vyumba na kisima, watoto wasiliguse, na wakubwa wa serikali wajulishwe. Wakichelewa, lingoje huko huko nje.