Majina Tuliyoyaruka



Siku ya Pentekoste msomaji wetu alifika Matendo ya Mitume, sura ya 2, mstari wa 9. Akasoma Waparthi na Wamedi, akasita kidogo, kisha akasema, "na watu wa nchi nyingine nyingi," akaendelea mbele. Baadhi yetu tulitabasamu. Hatumlaumu, maana majina yale ni magumu mdomoni, nasi tukisoma nyumbani twafanya vivyo hivyo. Lakini Luka hakuyaandika ili kujaza karatasi. Basi leo tuyarudie, tuone tumeacha nini.

Luka anataja mataifa na nchi 15. Anaanza na Waparthi, na jambo hilo si dogo. Waparthi walitawala nchi ambayo leo twaiita Irani na sehemu za jirani, nao walikuwa adui wakubwa wa Rumi. Mwaka 53 kabla ya Kristo walivunja jeshi la Rumi karibu na Harani, mji ule ule alikokaa Abrahamu kabla ya kwenda Kanaani. Mbele kidogo katika orodha hiyo hiyo wanatajwa wageni waliotoka Rumi. Basi watu kutoka pande mbili zilizopigana walisimama Yerusalemu pamoja, wakasikia habari moja, kila mtu kwa lugha ya kwao.

Tena wapo Wamedi na Waelami. Ufalme wa Wamedi ulikuwa umechukuliwa na Koreshi wa Uajemi miaka mia tano na zaidi kabla ya siku ile, na ufalme wa Elamu ulikuwa umevunjwa na Waashuri hata kabla ya hapo. Wafalme wao walikuwa wamekwisha sahauliwa, lakini watu wa nchi zile waliitwa bado kwa jina la kwao. Roho Mtakatifu hakungoja mtu awe na dola ndipo aseme naye.

Kisha Luka anataja Asia. Hapa wengi wetu hukosea, tukidhani ni bara lile kubwa lenye India na China. Asia ya Biblia ni jimbo la Rumi lililokuwa magharibi ya Uturuki ya leo, penye Efeso, Smirna na yale makanisa saba ya Ufunuo. Mwaka 133 kabla ya Kristo mfalme wa Pergamo, Attalus wa Tatu, alikufa akawaachia Warumi ufalme wake kwa wosia, nao wakaufanya jimbo. Jina la sehemu ndogo likaja kuenea mpaka likafunika bara zima. Ndivyo ilivyokuwa kwa Afrika pia. Warumi walipouangamiza mji wa Karthago mwaka 146 kabla ya Kristo, waliita Afrika nchi ile ya kando yake, katika Tunisia ya leo. Sasa jina hilo ni letu sote.

Mara nyingi mgeni ndiye aliyeipa nchi jina. Mesopotamia ni neno la Kigiriki, maana yake nchi iliyo kati ya mito, yaani Hidekeli na Frati. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki aliiita Azania, akaitaja bandari ya Rhapta. Bei na bidhaa aliziandika vizuri. Jina ambalo wenyeji walijiita wenyewe hakuliandika.

Tumtazame sasa yule mtu wa Kushi katika sura ya 8. Wayunani waliwaita watu weusi wote wa kusini ya Misri kwa neno moja, lenye maana ya watu wa nyuso zilizoungua. Hilo ni jina la mtu atazamaye kwa mbali. Kumbe Kushi ilikuwa nchi yenye enzi, na mji wake mkuu Meroe ulikuwa kando ya Nili, katika Sudani ya leo. Kandake halikuwa jina la mtu, bali cheo cha kifalme cha mwanamke. Filipo hakumtazama kwa mbali mtu huyu mwenye dhamana ya hazina ya malkia wake. Alikimbia akalifikia gari, akamwuliza swali, akapanda, akaketi naye.

Ndugu, sisi hatukufanya kama Filipo. Twasema haya kwa uchungu. Mwaka uliopita tulimzika ndugu mmoja aliyeabudu nasi kwa miaka 6. Kila Jumamosi alifagia kanisa bila kutumwa. Ilipofika saa ya kuandika daftari la mazishi, kasisi akauliza jina lake kamili na kijiji alichotoka. Tukatazamana. Wazee wa kanisa walikuwapo, waimbaji walikuwapo, akina mama walikuwapo, na sote tulimjua kwa neno moja tu: yule wa bara. Ikabidi kijana mmoja akimbie hadi chumbani kwake, akatafute cheti cha ubatizo ndani ya sanduku. Hapo ndipo tulipolijua jina lake, naye hakuwapo tena kuitika.

Bara si kijiji cha mtu. Tulifanya kama wale Wayunani, tukawafunika watu wengi kwa neno moja, tukaona yatosha. Tulipeana naye amani ya Bwana kila Jumapili, tukamshika mkono, wala hatukumwuliza, "Ndugu, kwenu ni wapi?" Mchungaji Mwema huwaita kondoo zake kwa majina. Sisi tulio wake twawezaje kuridhika na kuwaita kwa upande walikotokea?

Basi yatupasa kutubu, na toba iwe na kazi. Jumapili ijayo, baada ya Baraka, tusikimbilie mlangoni. Viti vya nyuma wako watu waliokuja kutafuta kazi katika mji huu, nao huondoka peke yao. Kila mmoja wetu amwendee mmoja, amwulize jina lake na la kijiji chake, naye alitamke mpaka alipate sawasawa, hata likiwa gumu mdomoni. Na msomaji wa Pentekoste ijayo ajifunze mapema majina yote 15, ayasome taratibu pasipo kuruka hata moja. Kila jina pale ni kwao mtu.

Mungu atusamehe, atupe masikio ya kusikia. Amina.