Kosa Huanza Lini?

Wazee wetu walisema, Ajali haina kinga. Neno hili ni kweli, maana mwanadamu hajui litakalompata kesho. Lakini hata neno la kweli laweza kutumiwa vibaya. Motokaa ikipinduka mteremkoni na watu wakafa, dereva akiokoka husema, "Breki zilikataa." Husema kana kwamba breki ni mtumishi mwenye kiburi, aliyeamka asubuhi akaazimia kumwasi bwana wake. Nasi twaitikia, Ajali haina kinga. Twazika wafu wetu, twarudi nyumbani. Basi, wasomaji wapendwa, nataka tuulizane: Kosa la dereva yule lilianza lini? Lilianza pale breki zilipokataa, au lilikuwako tangu zamani, motokaa ilipokuwa imesimama salama uani?

Kwanza yafaa tujue jinsi breki zifanyavyo kazi. Katika motokaa nyingi, na malori madogo, na baadhi ya matrekta, breki huendeshwa kwa mafuta ya breki. Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufa mwaka 1662, alionyesha ya kuwa maji yaliyofungiwa chomboni, yakisukumwa mahali pamoja, hupeleka msukumo ule ule pande zote. Ndivyo ilivyo hapa. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta husukumwa katika mabomba membamba, nayo hufikisha nguvu ya mguu wake hata magurudumuni. Uhai wa abiria wote umetegemea mafuta yale machache.

Mafuta hayo yana adui wawili, nao huja kimya. Wa kwanza ni kuvuja. Wa pili ni maji. Kwa maana mafuta ya breki ya namna itumikayo sana hunywa unyevu wa hewa, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Mafuta yaitwayo DOT 3, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya joto la digrii 205 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji hata kukaribia sehemu 4 katika 100, yaweza kuchemka kwa digrii 140. Mteremkoni breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto mkali. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo pedeli huzama hata sakafuni, wala gurudumu halipati habari.

Kazi ya kuzuia hayo ni ndogo. Motokaa ikiwa imesimama mahali palipo sawa, dereva atazame kichupa cha mafuta ya breki. Mafuta yawe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Yakiwa yamepungua, asiongeze tu akanyamaza, bali atafute sababu: ama pedi zimelika, ama pana mahali pavujapo. Afute vumbi kabla ya kufungua kifuniko, atie mafuta ya namna iliyoandikwa pale, tena kutoka chupa mpya. Asitie kamwe mafuta ya injini, maana huharibu mipira ya breki. Tena mafuta yote yabadilishwe kwa wakati wake. Watengenezaji wengi wa motokaa huagiza kila miaka 2. Malori makubwa mengi hutumia upepo badala ya mafuta. Huko kazi ni kutoa maji yanayokusanyika katika matangi ya upepo.

Sasa tuwafikiri madereva wawili. Wote wawili hawakutazama kichupa mwaka mzima. Wote wawili washuka siku moja ule mteremko mrefu utokao Limuru kwenda Mai Mahiu, katika Bonde la Ufa, nchini Kenya. Mbele ya mmoja ng'ombe akavuka njia. Akakanyaga breki, zisishike, akaua watu. Mbele ya mwenziwe hakuvuka ng'ombe. Akafika salama, akala chakula chake, akalala. Je, wa pili hana kosa?

Mtu atasema, "Hakimu hawezi kuwahukumu sawasawa." Ni kweli. Wa kwanza ana deni kwa wajane na yatima, nalo ni deni zito ambalo mwenziwe hana. Lakini deni ni jambo moja, na kosa ni jambo jingine. Tukitafuta kilichowatenga watu hawa wawili, hatuoni wema wala bidii. Twaona ng'ombe tu. Tukimsifu wa pili, kwa kweli twamsifu ng'ombe aliyekaa malishoni.

Torati ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati, ilimwagiza kila ajengaye nyumba mpya kuweka ukuta wa kuzuia watu wasianguke darini. Angalieni, agizo hilo halingoji mtu aanguke. Mwenye nyumba asiye na ukuta amekwisha kukosa, hata kama hakuna aliyepanda darini kwake. Na kosa hilo si la dereva peke yake. Mwenye lori aambiwaye, "Bwana, breki zataka kutazamwa," naye akajibu, "Peleka mzigo kwanza," ameketi usukanini pamoja naye, ijapokuwa yuko nyumbani kwake.

Kando ya barabara ile ya Mai Mahiu liko kanisa dogo, lililojengwa mwaka 1942 na Waitalia waliokuwa wafungwa wa vita, wakati walipofanya kazi ya barabara hiyo. Wasafiri huingia humo wakaomba. Ni vema kuomba. Lakini dereva aombaye ulinzi, huku akikataa kufungua boneti, amwomba Mungu afanye kazi aliyopewa yeye.

Je, aliyetazama yote, akabadilisha mafuta kwa wakati, akashuka polepole kwa gia ndogo, kisha bomba likapasuka ghafula? Huyo ndiye mwenye haki ya kuambiwa, Ajali haina kinga. Methali hiyo ni faraja yake, wala haikuwekwa iwe maficho ya mzembe.

Basi wewe uliyefika salama jana usijisifu upesi. Ikiwa hukutazama, ulikosa, nawe umepewa muda wa kutengeneza kabla ya deni kuja. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, fungua boneti.