Mama wa Wote, na Wake Je?

Shosho alipofariki, mikutano ya matanga ilifanyika kwetu Kinoo jioni nne mfululizo. Kila aliyesimama alirudia jambo lilelile: huyu hakuwa wa familia hii peke yake, alikuwa mama wa wote. Watu wakaitikia, wakatuma mchango kwa M-Pesa, wakanywa chai. Jioni ya tatu, mamangu aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Wa wote. Na mimi je?"

Nilishtuka. Maneno kama hayo hayasemwi matangani.

Waliyosema watu yalikuwa kweli, lakini. Ukipita Kinoo leo unaona ghorofa za kupangisha zimebanana. Zamani hapa palikuwa mashamba. Vikaja vyumba vya mabati, kisha ghorofa, na watu wakahamia na godoro na begi, hawajui jirani hata mmoja. Shosho ndiye aliyewaonyesha pa kuteka maji, akawachungia watoto, akawakopesha hela za unga na nauli. Aliandika madeni yote kwenye daftari la shule, na mengi hakuyadai. Mke wa mpangaji akishikwa na uchungu usiku, mlango uliobishwa ulikuwa wetu.

Mamangu naye ana daftari lake, moyoni. Alipokuwa darasa la nane alipata zawadi shuleni. Akaangaza macho kwa wazazi, mamake hayupo. Alikuwa amempeleka jirani kujifungua. "Huyo mtoto aliyezaliwa ni yule mwanamume aliyekuwa akilia pale nyuma," akaniambia tukiosha vikombe. "Anamlilia mama yangu. Na siku yangu aliichukua yeye."

Tangu hapo swali hilo halijaniacha. Ukitoa muda wako, unatoa kilicho chako. Lakini ukiwa mama, mtoto ana fungu lake ndani ya muda huo. Je, unaweza kumgawia jirani fungu hilo bila kumuuliza mwenyewe?

Namkumbuka Wangari Maathai. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu wa Wamwere, walianza kususia chakula pale Uhuru Park wakidai wana wao waachiliwe. Wangari hakuwa na mtoto jela. Alikuwa na watoto 3 wake, na bado akakaa na wale mama. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia, naye akapigwa hadi akazirai. Angekufa siku hiyo, watoto wake wangelipa deni ambalo hawakukopa. Asingekwenda, wale mama wangebaki na mtu mmoja pungufu. Sioni njia ambayo haikuwa na gharama.

Alipofariki Septemba 2011, dola iliyompiga ilimfanyia mazishi ya kitaifa katika bustani ileile. Wakati huo kumsifu hakukumgharimu mtu hata rungu moja.

Hapo ndipo naanza kumwelewa mamangu. Sidhani shosho alikosea kwenda hospitali usiku ule. Mwanamke mwenye uchungu hangoji kikao. Lakini kwa nini mlango ulikuwa mmoja tu? Ploti nzima ilikuwa na watu wazima wenye miguu. Wangekuwa wanapokezana, pengine siku ya zawadi ingekuwa zamu ya mwingine. Tukimwita mtu mama wa wote, mara nyingi tunamaanisha kwamba sisi wengine tumejitoa kazini. Sifa inakuwa malipo ya bei nafuu, na bili anatumiwa mtoto wake.

Kwa hiyo kumkumbuka shosho kwa haki ni kusema yote mawili: alichofanya, na nani alikilipia. Mamangu hakumchukia. Alitaka tu hesabu isomwe yote.

Wiki mbili baada ya mazishi, saa tano usiku, geti likagongwa. Alikuwa dada mpangaji mgeni, mtoto wake amewaka homa, ameambiwa na mtu aulize shosho. Mamangu alinyanyuka kutafuta viatu, mazoea ya kurithi. Nilikuwa na zamu ya asubuhi kazini na nilitamani sana kujifanya nimelala.

"Keti, mum," nikamwambia. "Leo naenda mimi."

Aliketi. Kisha akanirushia sweta ya shosho, maana nje kulikuwa na baridi.