Nani Alikupa Mizani?

Somo: Danieli 1:8–16, Ayubu 19:20

Ukisoma Danieli sura ya kwanza polepole, utaona yule mkuu wa matowashi alikuwa na hofu moja: vijana hawa wakikonda, mfalme atamkata kichwa. Kwake, mwili uliojaa ndio ulikuwa ripoti ya afya. Hapa kwetu Nyamira ni vilevile. Msichana akiolewa na mwaka uishe hajaongezeka, majirani wanauliza kama analishwa. Kijana akitoka Nairobi na kitambi, tunasema mambo yamemkubali. Hata mimi naambiwa, "Pasta umenona, sadaka inaingia!" Hiyo nacheka tu.

Kuna ingine siwezi kucheka. Mpendwa mmoja alikonda, na pale langoni akaanza kuulizwa, "Kwani ni nini?" Sisi tuliokua miaka ile ya UKIMWI tunajua swali hilo lilimaanisha nini. Watu walihukumiwa kwa shingo na mashavu. Akaacha kuja kanisani. Kumbe ni ugonjwa wa sukari, ambao unaweza kumkondesha mtu kabla hajajua anao. Wiki zile alizojificha nyumbani, angekuwa kliniki.

Marafiki wa Ayubu walifanya kazi hiyohiyo. Walimkuta amebaki ngozi na mifupa, wakaamua kuna dhambi. Mwishowe Mungu mwenyewe aliwakasirikia. Halafu mtazame Egloni, mfalme wa Moabu, Waamuzi 3: mnene kupindukia, anapokea ushuru wa Israeli. Unene huo nao tuuite baraka?

Wengi wetu tunachuma chai. Pale kituoni karani hakulipi kwa kutazama kikapu, anakitundika kwa mizani. Na bado anajua majani yaliyonyeshewa yamebeba maji. Mwili pia uko hivyo. Kilo 80 za mtu mrefu anayelima si sawa na kilo 80 za mtu mfupi anayekaa kwa kiti siku nzima. Ndiyo maana daktari anachukua kilo zako, anagawanya kwa urefu wako wa mita, halafu anagawanya tena kwa urefu huohuo. Kilo 70 na mita 1.60 inakupa 27 na kitu. Kwa Shirika la Afya Duniani, 18.5 mpaka chini ya 25 ni kawaida ya mtu mzima. 30 kwenda juu ni hatari. (Mama mjamzito na watoto wana vipimo vyao.) Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu Kenya, wa miaka 15 hadi 49, amefika 25 au kupita.

Nilisomea biashara, na namba moja haijawahi kuniambia hali ya duka. Rafu zinaweza kujaa bidhaa za deni. Kwa hivyo usiishie kwa hiyo 27. Pimwa kiuno, presha na sukari.

Danieli hakubishana. Aliomba siku kumi, mboga na maji, halafu walinganishwe. Kwetu tungesema chinsaga na managu. (Nyama sijatumwa kuwakataza.)

Jumapili ijayo baada ya ibada, wauguzi wetu watakuwa na mizani kwa chumba cha watoto. Mtaingia mmoja mmoja, mlango umefungwa, na namba yako utaandikiwa kwa karatasi uende nayo. Na nyinyi wa kusimama langoni, semeni "Bwana asifiwe," halafu mnyamaze.