Masanduku Yalifunguliwa Mbele ya Wote



Vijana wenzangu, mwezi uliopita nilisindikiza VIWAWA wa parokia ninapofanya mwaka wangu wa kichungaji, tukaenda hija Bagamoyo. Tuliondoka Dar alfajiri kwa Coaster mbili. Kabla hata hatujafika Mapinga, chapati zilizopangwa kuliwa mchana zilikuwa zimekwisha (nami nilishiriki, sijitoi). Tulisali kwenye msalaba ulio karibu na bahari, tukapita kwenye makaburi ya wamisionari wa Roho Mtakatifu, wale walioanzisha misheni hiyo mwaka 1868, kisha tukasimama chini ya kanisa la zamani, penye mnara ambao watu wanauita Mnara wa Livingstone.

Wengi mnaijua habari yake tangu shule ya msingi. Hapo ndipo mwili wa Dk. David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar na kusafirishwa hadi Uingereza. Ulikuwa umebebwa na Waafrika kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, zaidi ya kilomita 1,600, kwa muda wa miezi tisa hivi.

Mtembeza wageni alipomaliza kueleza, dada mmoja akaniuliza: "Frateri, samahani. Hao waliobeba maiti ya mzungu ndio tunaambiwa watumishi waaminifu? Mimi naona kama walitumikishwa tu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nikasema, "Tutaongea kwenye basi." Kwenye basi nikasinzia mpaka Tegeta. Kwa hiyo dada yangu, kama unasoma hapa, deni lako ndilo hili ninalilipa.

Nimesoma tena habari za watu wale. Viongozi wao walikuwa wawili. Chuma, Myao, aliyeokolewa na Livingstone na wenzake mwaka 1861 kutoka kwenye msafara wa watumwa akiwa bado mdogo. Na Abdullah Susi, kutoka Shupanga, Msumbiji ya leo. Pamoja nao alikuwemo kijana aliyejua kuandika, Jacob Wainwright, naye Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa shule ya misheni huko Nasik, India.

Mwanzoni mwa Mei 1873 walimkuta bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Sasa hebu jiweke mahali pao. Uko ndani kabisa ya bara. Mwajiri wako amefariki. Ana masanduku yenye vitu vya thamani, bunduki, vipimo, nguo, madaftari. Ndugu zake wako ng'ambo ya bahari na hakuna hata mmoja anayejua kilichomo. Mngegawana mkatawanyika, nani angewashtaki?

Unajua walifanya nini asubuhi ile? Kabla hata ya kuamua habari ya mwili, Chuma na Susi waliwaita wenzao wote, wakasema masanduku yafunguliwe mbele ya kila mtu, ili wote wawajibike. Jacob akakaa na daftari akaandika kitu kimoja kimoja. Kisha masanduku yakafungwa.

Kwa kweli hapo ndipo niliposimama kusoma, nikafunga kitabu.

Kwa sababu tunaposikia "mtumishi mwaminifu" tunawaza mambo makubwa, mashahidi na masista wa wagonjwa. Na tukifika kwenye mfano wa talanta, Mathayo 25, mara nyingi tunahubiriana kuhusu vipaji: wewe una sauti, ingia kwaya. Si vibaya. Lakini talanta katika mfano ule ilikuwa fedha, tena nyingi, na tena ya mtu mwingine. Yesu anazungumzia mali iliyo mikononi mwako ambayo siyo yako. Sura ya kabla yake, ile ya 24, anamsema mtumishi mbaya anayejiambia moyoni kwamba bwana anachelewa, kisha anaanza kupiga wenzake na kulewa. Ona basi: wa Mathayo aliharibikiwa kwa sababu bwana alichelewa. Wa Chitambo bwana wao hakuchelewa, hakuwepo tena. Asingerudi kuuliza chochote. Na hesabu waliiandika.

Hapo nadhani ndipo jibu la swali la dada yetu lilipo. Anayetumikishwa huacha kazi mara fimbo inapoondoka. Hawa fimbo ilikuwa imeondoka, na uamuzi waliufanya wenyewe, kwa shauri. Walizika moyo wake chini ya mti kijijini pale, Jacob akasoma sala za maziko. Mwili waliukausha juani kwa chumvi, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaanza safari. Wengi waliugua njiani. Inawezekana pia walihofia lawama wakifika Zanzibar bila ushahidi, sitaki kuwafanya malaika. Lakini walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Huyo aliwashauri wazike hapo hapo. Ruhusa kamili ya kutua mzigo, tena kutoka kwa mzungu mwenye cheo. Wakakataa.

Mbele kidogo wenyeji wa sehemu moja hawakutaka maiti ipite kwao. Wale jamaa wakafunga mzigo wa vijiti uliofanana na maiti, wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo ukapita. (Kant angewagombeza. Mtakatifu Thoma pia, naogopa. Darasa letu la maadili lingekesha na kisa hiki.)

Sasa niwaambie kwa nini nilifunga kitabu.

Kabla sijaingia seminari nilikuwa mweka hazina wa vijana parokiani kwetu. Fedha za hija zilikaa kwenye simu yangu, laini moja na fedha zangu. Siku moja nilibanwa, nikachukua elfu arobaini. Si kuiba, nilijiambia, ni kuazima. Wiki tatu baadaye nikazirudisha zote, shilingi kwa shilingi. Hakuna aliyejua mpaka leo mnaposoma. Kwa miaka kadhaa nilijihesabia hilo kama ushindi, yaani nilikuwa na uhakika mimi ni mwaminifu kwa sababu nilirudisha. Nikaja kulitaja kwenye kitubio, karibu kama jambo la kupita tu. Padre hakunigombeza. Aliniuliza: "Na wiki hizo tatu, daftari lilikuwa linasema nini?"

Daftari lilikuwa linasema fedha zipo.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 4:2, anataka wasimamizi waonekane kuwa waaminifu. Zamani nilidhani kuonekana ni jambo la majivuno. Sasa ninaona Chuma na Susi walilielewa kuliko mimi niliyesoma falsafa: masanduku yafunguliwe mbele ya wote. Nao hawakujiamini kupita kiasi. Walijua njia ni ndefu, njaa ipo, na moyo wa mtu ni moyo wa mtu. Na kumbuka Susi wakati ule hakuwa Mkristo. Alibatizwa mwaka 1886, miaka 12 baada ya kufika Bagamoyo. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga.

Walilipwaje? Walipofika pwani walikabidhi mwili na mali, wakapewa mishahara yao na kuachwa waende zao. Aliyesafiri na mwili hadi London ni Jacob peke yake. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha kufanyika Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Huko wakasaidia kufafanua yale madaftari ya bwana wao, yakachapishwa kitabu mwaka uleule. Yalikuwepo ya kufafanua kwa sababu yalifika.

Jumapili baada ya hija niliwasimulia vijana habari ya elfu arobaini. Kulikuwa kimya cha ajabu, nikajuta kidogo. Baada ya Misa mweka hazina wao (ameniruhusu kuandika hili) akaja na daftari kwapani. Akasema, "Frateri, kuna elfu kumi na mbili sizioni. Tunaweza kukaa?" Nikamwambia amwite mwenyekiti na katibu pia. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya kanisa mpaka saa nane, tunasoma risiti za Coaster na za maji ya kunywa. Elfu nane tumeziona. Nne bado tunazitafuta.