Kipimo cha Ufukara



Kila tunapotoa Zaka na sadaka, sisi watu wa mjini hupima kwa macho. Mwenye nguo kuukuu ni fukara. Mwenye kanzu iliyopigwa pasi ana uwezo. Hiyo ni dhana, na dhana si mizani.

Tuitazame Kalemng'orok, kusini ya Turkana, katika njia itokayo Kitale kwenda Lodwar. Mfugaji wa huko mwenye mbuzi 40, kwa hisabu ya Sheria amefikia nisabu, ijapokuwa mkononi hana senti; wala yeye mwenyewe huenda asijione fukara. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa. Aliyehesabiwa tajiri akalala na njaa. (Wengi wa watu wa huko si Waislamu, na Zaka kwa madhehebu yetu haiwafikii, sadaka haina mpaka huo.)

Wanavyuoni wetu wa Kishafii walipima vingine. Mwenye haja ya 10 akapata 2 au 3, huyo ni fakiri. Apataye 7 au 8 ni maskini. Kipimo chao chaanzia kwenye haja, na haja aijua mwenyewe. Uchunguzi wa FinAccess, ambao Benki Kuu ya Kenya na wenzake huufanya tangu 2006, nao umekuja kuuliza mambo ya namna hiyo: je, wamudu matumizi ya kila siku? Wastahimili msiba ukikufika? Waiandalia kesho? Mwaka 2019 waliokuwa na afya ya fedha kwa kipimo hicho walikuwa asilimia 21.7, mwaka 2021, asilimia 17.1. Wenye kanzu za pasi wamo!

Wako wanaomjibu mhitaji kwa mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba utajiri ni wa nafsi. Ni kweli tupu. Lakini hiyo ni mizani ya kujipimia sisi wenyewe, si ya kumnyamazishia jirani.

Basi kabla ya Ramadhani, yawapasa wasimamizi wa kila msikiti waende nyumba kwa nyumba, waulize kwa siri, na mama wa nyumba aulizwe pia: mwahitaji nini kwa mwezi, mwapata nini, na mgonjwa akilala mwakopa kwa nani? Wasiulize mbele ya watu. Mwenye kuona haya atasema, "Alhamdulillahi, yatosha," nasi tutamwandika kuwa ametosheka.