Mnyama Gani Alifanya Hivyo?

Jumapili iliyopita kwenye maombi niliwataja watu wa Shakahola, kule Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400. Nikasema walifanyiwa unyama. Baada ya ibada mama mmoja mzee akanishika mkono pale mlangoni. "Pasta mwanangu, mnyama gani alifanya hivyo?"

Nilicheka. Kufika nyumbani, kicheko kimeisha.

Magazeti ya Kiingereza huandika "brutal". Asili yake ni Kilatini, "brutus", yaani mzito, asiye na akili, na ndivyo walivyowaita wanyama. Sisi nasi twasema kinyama. Lakini Shakahola akili ilikuwepo. Kulikuwa na mahubiri, tena ya Biblia hii hii yetu. Watu waliacha kazi, watoto wakaacha shule, wakahamia msituni kufunga. Makaburi yalichimbwa, yakafukiwa. Simba akishiba hulala zake. Hana haja ya kukuhubiria kwamba njaa yako ni utukufu.

Someni Hesabu 22. Punda wa Balaamu alimwona malaika, nabii hakumwona. Na mwenye fimbo alikuwa nabii, si punda! Alimpiga mara tatu.

Sasa niseme langu. Mwaka jana kijana alishikwa na simu ya wizi karibu na steji, hapa hapa Tudor. Watu wakaanza kumpiga. Mimi nilikuwa nimevaa suti, nachelewa mkutano. Nikajiambia, hawa wameshakuwa wanyama, nani ataongea nao? Nikapita. Neno lile lilinifaa sana siku hiyo, maana mtu unaweza kumwita kwa jina na kumwambia acha. Mnyama utamwambia nini? Na wengine pale nawajua majina. Mmoja ndiye huniuzia mahamri kila asubuhi, na tangu siku ile nimeendelea kununua kwake kana kwamba hakuna kitu.

Swali la mama lilinikosesha usingizi. Jumatatu nikaenda kwa yule wa mahamri, nikamuuliza juu ya kijana yule. Alikaa kimya, akigeuza mahamri kwenye mafuta.

"Nilimpiga teke moja tu, pasta," akasema. "Nikainua macho nikakuona. Nilidhani utasema kitu."

Sikuwa na jibu. Nimemwambia Jumamosi tutakwenda pamoja kumtafuta kijana huyo kwao. Amekubali.